Saa Kumi na Saba na Dakika Arobaini

Mtu aliyetaka kumwoa mdogo wangu alifika nyumbani kwetu Mwamapalala Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya gari la kukodi ambalo dereva wake ninamfahamu. Ninakatisha tiketi za basi stendi ya Bariadi, na kwa kazi hiyo hakuna dereva wa mji ule nisiyemjua jina na tabia. Mgeni alishuka mlango wa nyuma akasimama kungoja vumbi litulie, kana kwamba vumbi la wilaya yetu ya Itilima lina wajibu wa kumpisha. Alivaa koti zito la buluu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, mwezi wa Septemba, jua likichoma mpaka mbuzi wamejibana ukutani kugombea kivuli cha bati. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha plastiki, upande wenye maandishi umelala kifuani.

Jina lake Marcelo. Kwa miezi saba mdogo wangu Violeth alikuwa akinionyesha picha anazotumiwa: bawa la ndege juu ya mawingu, kiti chenye mto mdogo, kikombe cha kahawa juu ya meza ya kukunja. Uso wa Marcelo haukuwamo katika picha hata moja. Nilipomwambia Violeth hivyo alinijibu kwamba watu wa kazini hawaruhusiwi kujipiga picha. Nikauliza kwa nini basi wanaruhusiwa kulipiga bawa. Siku mbili hakupokea simu yangu.

Violeth ni muuguzi wa zahanati huko Kimali, wilaya ya Meatu. Ajira hiyo aliipata baada ya miaka minne ya kukaa na cheti chake ndani ya bahasha, akivuna pamba katika mashamba ya watu wasiojua hata kwamba ana cheti. Marcelo alimtaka aiache. Mpango ulikuwa hivi: mahari ikikubaliwa Jumamosi ile, barua ya kuacha kazi iende wilayani Jumatatu, kisha Violeth ahamie Kahama kwa shangazi wa Marcelo, akae huko akisubiri viza ya kwenda Doha. Miezi mingapi atasubiri, hakuna aliyeuliza. Barua ilikuwa imeshaandikwa na kutiwa saini. Violeth alimkabidhi baba mdogo Shija aifikishe, kwa kuwa baba mdogo alikuwa na safari ya Mwanhuzi, yalipo makao ya wilaya hiyo, na asubuhi ile ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Kila alipoinama niliiona kona yake nyeupe.

Mimi ng'ombe wa mahari hawakunihusu. Ng'ombe huja, huzaa, hufa. Ajira ya serikali ukishaiacha kwa saini yako mwenyewe, hata ukirudi kwa magoti utaambiwa ukae foleni nyuma ya wasichana wa miaka ishirini na mbili.

Wageni walikalishwa kwenye viti chini ya turubai. Aliyemsindikiza Marcelo alikuwa mshenga wake, Bujiku, mzee mnene wa Bariadi ambaye husemea watu kwenye posa mbili mpaka tatu kwa mwezi na hutokwa jasho kwenye zote.

"Mwangaluka, bhabha," Bujiku alimsalimu baba.

"Mwangaluka. Njia ilikuwaje?"

Kwa baba yangu, Ngassa, mgeni hasemi haja yake kabla hajaeleza njia aliyopita. Anasema anataka ajue mgeni amechoka kiasi gani, ili ajue aanze na maji au aanze na maneno. Ujana wake wote aliutumia kuswaga ng'ombe za watu kwa miguu kutoka huku kwetu mpaka stesheni ya Malampaka, zikapakiwe kwenye treni. Hajui kusoma. Njia anaijua kwa mashimo yake, kwa visima vyake, na kwa mbwa wa kila mji anaoupita. Watu wa huku wameshamzoea, wakija kwake huanza wenyewe: daraja limekatika, tumezunguka kwa akina fulani, punda wamelala barabarani.

Bujiku alifungua mdomo, lakini Marcelo alimtangulia.

"Yangu mimi ilikuwa ya anga, mzee," alisema. "Sisi watu wa anga hatuna mashimo."

Baba mdogo Shija alicheka kabla mtu mwingine hajaelewa. Huyu ni mdogo wa baba, aliyerudia darasa la saba na kulishindwa mara zote mbili, na anayeamini kwamba kila kinachotoka kwenye simu kimeshuka mbinguni kwa kupitia mnara.

"Eleza, mkwe, eleza," alisema. "Hawa wajue wanaongea na nani."

Mkwe. Hata ng'ombe mmoja alikuwa hajatajwa.

Marcelo alivuta koti, akakunja nne. "Kituo changu ni Doha. Ni injinia wa ndani ya ndege. Ndege yetu inatoka Doha inakwenda Auckland, Nyuzilandi. Kilomita elfu kumi na nne, mia tano thelathini na tano. Tunakaa hewani saa kumi na saba na dakika arobaini, hatutui popote. Ni miongoni mwa flaiti ndefu kuliko zote duniani."

Aliyasema kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayeimba jedwali la saba mara saba. Mama yetu, Felisita, aliyekuwa amepiga magoti akipanga vikombe vya togwa, aliinua kichwa.

"Saa kumi na saba bila kutua," alisema. "Na haja ndogo?"

"Kuna vyoo humohumo, mama."

"Halafu inakwenda wapi?"

"Inahifadhiwa, mama. Kuna tangi."

"Kumbe." Mama alirudi kwenye vikombe vyake. "Kwa hiyo mnapita juu ya vichwa vya watu na mikojo ya siku nzima. Na mnalipwa."

Wanawake walioketi upande wa jikoni walificha nyuso kwenye khanga. Violeth hakucheka. Alikaa nyuma ya mama katika gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku ile, mikono mapajani, akimtazama Marcelo kama mtu anayetazama mtoto wake akisoma shairi mbele ya wazazi, akiomba asikosee.

Sikuweza kuvumilia. "Shemeji mtarajiwa," nikamwambia, "utaniwia radhi. Mimi nafanya kazi ya usafiri, nina stashahada yake, na hesabu za njia zinanipa hamu. Ngoja nikazipime."

"Pima, shemeji," alisema, akitabasamu. Tabasamu lile lilipaswa kunitahadharisha.

Nyumbani kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi, ukisimama mguu mmoja mbele na uso kaskazini. Nilipanda nikaandika viwanja viwili vya ndege, nikauliza umbali na muda wa safari. Ukurasa ulifunguka taratibu. Mstari mwekundu ulipinda juu ya ramani kutoka Doha mpaka Auckland, na chini yake maandishi: kilomita 14,535. Muda wa kuruka, saa 17 na dakika 40.

Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimepanda kichuguu kumwangusha mtu, na simu yangu mwenyewe ndiyo iliyomdaka. Nilishuka. Nisingeweza kudanganya, kwa sababu baba mdogo alikuwa amenifuata mpaka zizini na shingo yake ndefu kama ya mbuni, amesoma yote juu ya bega langu.

"Sawasawa!" alitangaza kabla sijakaa. "Kilomita ileile. Dakika ileile. Simu imekubali. Haya, mwenye stashahada, una lingine?"

"Sina," nikasema.

"Basi kaa chini umpe mgeni maji."

Nilimpa mgeni maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi kupita kiasi, na macho yake yalikuwa yanacheka. Violeth naye alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisamehe, jambo lililoniuma kuliko hasira.

Bujiku alijifuta jasho, akaona upepo umegeukia kwake. Alisimama akaanza maneno ya posa: wameona ua katika boma hili, wameleta fimbo ya kuulizia, kijana wao si mtu wa maneno mengi. Akataja ng'ombe kumi na tano, kisha bila kuulizwa akaongeza wawili. Baba mdogo alikuwa anatikisa kichwa kukubali hata kwenye nukta. Mkono wake ulipapasa mfuko wa shati, akaisukuma ile barua ndani vizuri, kama mtu anayehakikisha tiketi yake ipo.

"Ngojeni," alisema baba. "Bado tuko njiani."

Bujiku alibaki amesimama. "Njiani wapi, mzee?"

"Kijana ameeleza kwenda. Hajaeleza kurudi." Baba alimgeukia Marcelo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Kutoka huko kwenye mwisho wa dunia kurudi Doha, unatumia muda gani?"

"Uleule, mzee. Saa kumi na saba na dakika arobaini."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndege si kama gari. Dakika haipungui, dakika haizidi."

"Umeenda mara ngapi?"

Marcelo alipiga hesabu hewani kwa vidole. "Siwezi kukumbuka idadi, mzee. Zinafika mia."

"Mara mia kwenda, mara mia kurudi," alisema baba, "na njia haijawahi hata siku moja kuwa ndefu upande mmoja."

"Haijawahi."

Baba alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo, akaivaa tena. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Basi huyu kijana hajasafiri hiyo njia. Ameambiwa."

Hapo ndipo palipochemka. Baba mdogo aliruka kitini. "Kaka, simu imekubali! Apolonia mwenyewe amepima. Wewe unapima ndege kwa kitu gani?"

"Kwa ng'ombe," alisema baba.

Bujiku alicheka sana, kicheko cha mtu aliyelipwa kucheka. Marcelo naye aliinamisha kichwa akitabasamu, kama anavyotabasamu mtu wa mjini akimwona mzee anaongea na redio.

"Kwa heshima zote, mzee," alisema. "Violeth amenisimulia. Ng'ombe ukiwapeleka Malampaka wanauzwa huko. Unarudi mtupu, ndiyo maana unawahi. Ndege inakwenda na abiria, inarudi na abiria. Mzigo ni uleule."

"Sikuzungumzia Malampaka. Hao wa hapa." Baba alinyoosha fimbo kuelekea zizini. "Asubuhi wanakwenda mtoni kunywa. Ng'ombe walewale, njia ileile, miguu ileile, na hakuna aliyeuzwa. Wakienda wana kiu, upepo unawaletea harufu ya maji, wanakimbia mpaka mchungaji anabaki nyuma. Wakirudi wamejaa maji, jua liko usoni, kila jani wanasimama. Nimekwenda na ng'ombe mtoni miaka sitini. Kwenda na kurudi havijawahi kulingana hata siku moja. Sasa wewe umevuka dunia mara mia mbili. Huko juu hakuna upepo?"

"Upo. Lakini ndege inaupasua."

"Tai pia anaupasua," alisema baba. "Na bado ukimwangalia utajua ni lini anasukumwa na ni lini anasukuma. Mimi sikukuuliza dakika, kijana. Nilikuuliza njia. Ungeniambia kurudi kunachosha, ningekuamini. Ungeniambia kwenda ndiko kunakochosha, ningekuamini pia, maana mimi huko sikujui. Umeniambia vyote ni sawa. Aliyetembea hasemi hivyo."

Nikaona aibu. Si kwa ajili ya Marcelo, kwa ajili yangu. Kila siku ya Mungu nasimama dirishani stendi nikiwaambia abiria kwamba basi la kwenda Dar es Salaam linafika saa hizi na la kurudi linafika saa zile, na kwamba mwenye haraka asinihesabie kwa kilomita. Nimesomea jambo hilo miaka miwili. Halafu ukurasa mmoja wa simu, unaovuta uzi kutoka nukta moja hadi nyingine na kuugawa kwa mwendo mmoja, ulinifunga mdomo, na mzee asiyejua herufi a akaufungua.

Nilisimama kurudi kichuguuni. Violeth alisimama pia.

"Nipe mimi," alisema.

Tulikwenda wawili. Alipanda yeye, mimi nikabaki chini. Hakuutafuta tena umbali. Alitafuta ratiba, ile ya ndege zenyewe, inayoonyesha ndege imeondoka lini na imetua lini, siku baada ya siku. Nilimwona anasogeza kidole, anasoma, anahesabu kwa midomo, anarudi juu, anahesabu tena. Yeye ni muuguzi. Amezoea kuangalia saa huku ameshika mkono wa mtu.

"Kwenda ni kama saa kumi na sita," alisema hatimaye. "Jana kumi na tano na dakika hamsini. Juzi kumi na sita na kumi. Kurudi zinazidi kumi na saba. Siku zote kurudi ni ndefu." Akanirudishia simu. "Hakuna siku hata moja yenye dakika arobaini pande zote mbili."

"Violeth."

"Usiseme kitu, dada."

Tuliporudi chini ya turubai baba mdogo alikuwa bado anahutubia juu ya maendeleo. Violeth hakwenda kukaa nyuma ya mama. Alisimama mbele ya Marcelo, mahali ambapo binti anayeposwa hasimami, akamwambia, "Geuza kitambulisho."

"Mama watoto—"

"Kigeuze."

"Hayo ni mambo ya usalama wa eapoti, hayaonyeshwi hovyo."

Violeth alikigeuza mwenyewe. Akakisoma kimya, kisha akakisoma kwa sauti, kwa kuwa wazee wengi pale hawasomi na alitaka wote wapate sawa. "Mshiriki. Semina ya siku mbili ya mafundi simu. Kahama."

Hakuna aliyecheka, hata wanawake wa jikoni. Bujiku alishusha makalio kwenye kiti polepole, kama mtu anayekaa juu ya yai.

"Mimi niliombwa nije kusema," alimwambia baba. "Sikuombwa nije kujua."

Marcelo alieleza, kwa kuwa watu wa namna yake hawajui kunyamaza. Alisema alianza kwa utani. Kwenye kundi la simu la watu waliosoma sekondari moja na Violeth, kundi ambamo yeye aliingizwa na binamu, mtu alimuuliza yuko wapi siku hizi, naye akaandika Doha. Watu thelathini wakampongeza. Siku ya pili angewezaje kuandika kwamba anabadilisha vioo vya simu Kahama, kwenye kibanda anachochangia na muuza miwani? Picha alizitoa kwenye simu za wateja zilizoletwa kutengenezwa. Ndege hajawahi kupanda, ila alikuwa na mpango. Pasipoti alikuwa ameshaulizia.

"Na kazi yangu?" Violeth alimuuliza. "Kwa nini ulitaka niiache?"

Hapo alitafuta maneno kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. "Pale zahanati unakutana na watu wengi," alisema. "Wangekuuliza mume yuko wapi. Nilifikiri ukishakuwa Kahama, ukishanizoea, ningekuambia taratibu."

Nimesikia vilio vingi dirishani kwangu. Nimewaona wanaume wakidai wameibiwa nauli huku noti zinachungulia kwenye soksi. Sijawahi kumwona mtu mwepesi kama yule. Kutengeneza simu ni kazi ya heshima, nusu ya mkoa wa Simiyu ungekuwa bubu bila mafundi simu. Yeye aliionea aibu kazi yake, akaamua kulipa aibu hiyo kwa kazi ya mtu mwingine. Mwanamke aliyesubiri miaka minne angekaa chumba cha nyuma cha shangazi asiyejulikana, akingojea viza ya nchi ambayo bwana anaijua kwa kikombe cha kahawa cha mteja. Nilimwambia hivyo, neno kwa neno, na mengine ambayo mama aliyakatiza kwa kugonga sufuria.

"Apolonia," alisema mama, "chakula kimeiva."

Nilidhani watafukuzwa. Baba alikataa. Alisema mgeni haondoki kwake na njaa, hata aliyekuja na upepo mfukoni. Wali ukaletwa, nyama ya mbuzi ikaletwa, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya karanga ambayo mama huipika kwa ajili ya wakwe tu. Marcelo akaketi mbele ya sinia na lile koti lake, jasho likimtiririka, watu ishirini wakimtazama anavyotafuna. Nimewahi kuona watu wakiadhibiwa kwa fimbo. Ile ya wali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu baba alikuwa anamwongezea.

"Kula," alimwambia. "Halafu sasa nieleze njia. Ulilala wapi jana?"

"Bariadi, mzee. Gesti ya stendi."

"Kutoka?"

"Kahama. Basi la alfajiri. Tulipasua tairi kabla ya Maswa, tukakaa pembeni saa mbili. Kulikuwa na mama ana kuku watatu kwenye kikapu, mmoja akafa kwa joto, akatugawia wote tukamchoma palepale barabarani."

"Kuku wa nani alikuwa mnene hivyo, kutosha basi zima?"

"Hakutosha, mzee. Mimi nilipata shingo."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Hiyo njia umeipita," alisema.

Sijamwelewa baba mpaka leo kwa nini alimpa hata hilo. Mimi nisingempa. Walipomaliza kula waliondoka, Bujiku kwanza, bila kuaga upande wa wanawake, na Marcelo akiwa amevua koti amelishika mkononi kama ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa.

Gari halijafika barabarani, baba mdogo Shija alikuwa ameshahama kambi. "Mimi yule nilimtilia shaka tangu alipovaa koti," aliwaambia majirani. "Nilinyamaza tu nione mtafika wapi." Akamsifu baba kwa akili za wazee. Akanisifu na mimi kwa elimu. Alikuwa anachagua kipande cha nyama kwenye sinia la wageni wakati Violeth alipomjia na begi begani.

"Barua yangu, baba mdogo."

"Ipo, ipo." Alipapasa shati kwa mkono wenye mafuta. "Lakini usifanye haraka. Barua imeshaandikwa vizuri. Wachumba hawajaisha, huenda akaja mwingine wa—"

"Barua."

Aliitoa. Ilikuwa na alama ya kidole cha mchuzi. Violeth aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya begi bila kuichana, akafunga zipu. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa bado na maneno mengi, na yalikuwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga nikiosha vyombo: kuhusu wanaume wanaokopa mawingu, kuhusu shangazi wa Kahama, kuhusu watu thelathini wa kundi la simu waliompongeza mtu bila kumwona. Nilimwambia mawili matatu tukitembea.

Alisimama. "Ulikuwa unafurahi, dada," alisema. "Ulipopanda kichuguu mara ya kwanza. Nilikuona unavyopanda."

"Nilikuwa nataka kukuokoa."

"Ulitaka kumshinda. Ndiyo maana ulitafuta alichokisema yeye, hukutafuta kilichopo. Angekuwa amekariri ule ukurasa wa ratiba, kesho kutwa ningekuwa sina kazi, na wewe ungekuwa umemletea maji."

Nilikuwa na jibu. Siku zote ninalo. Nililishika mdomoni mpaka likapoa, kwa sababu bodaboda ilikuwa inakuja na kwa sababu alilosema lilikuwa kweli.

Dereva alisimama akauliza anakwenda wapi.

"Kimali, zahanati," alisema Violeth. Alipanda, akaweka begi katikati yake na mgongo wa dereva. "Na usiniambie ni kilomita ngapi. Niambie barabara ikoje."

"Mbaya, muuguzi," alisema dereva. "Baada ya korongo la pili kuna mchanga, utashuka tusukume."

"Tutasukuma," alisema. "Jumatatu nina kliniki ya watoto."